Dondoo muhimu: Usingizi baada ya kugonga kichwa
Kijana ameanguka na bodaboda Keroka, au kaumia kwenye raga? Daktari akishamkagua, mwacheni alale, usingizi hautamdhuru. Siku 2 za kwanza simu ikae mbali. Kisha aamke saa ileile kila siku, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa.

Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akiwa bwenini, mwombeni mwalimu amwondolee prepu ya alfajiri kwa muda, wala msione haya. Chai, hata ya shamba lenu wenyewe, asinywe jioni. Dawa za usingizi bila daktari, hapana.

Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma au akishindwa kuamka, mkimbizeni hospitali ya rufaa Kisii au Nyamira usiku huohuo.