Mchanje Mbwa Kabla ya Wageni wa Krismasi

Kuanzia katikati ya Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huingia Kagera yakiwa yamefurika. Watu wa mkoa huu wana sifa ya kutopenda kula Krismasi ugenini, na kwetu Kihanga, wilayani Karagwe, ni hivyo hivyo. Nyumba iliyokaliwa mwaka mzima na bibi na wajukuu wawili hupokea watu kumi na watano kwa wiki moja. Mbuzi anachinjwa, pombe ya rubisi inatolewa, spika inawekwa uani. Katika maandalizi yote hayo hakuna anayemkumbuka mbwa wa hapo nyumbani, ambaye kwake hiyo ndiyo wiki ngumu kuliko zote za mwaka. Akipatwa na jambo, wanaoumia ni watu pia, hasa watoto.

Kwanza tuone mbwa anavyopatikana. Nairobi kuna KSPCA, Kampala kuna USPCA, na jirani na Arusha kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Vituo vya namna hii hupokea wanyama waliotupwa au kuteswa, huwatibu, huwachanja, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua. Mtu wa wilaya ya Karagwe au Kyerwa hafungi safari kwenda huko kutafuta mbwa. Humpata kwa jirani ambaye mbwa wake jike amezaa, kwa makubaliano ya mdomo. Au huokota kijibwa kinachozubaa karibu na bucha siku ya gulio. Si vibaya. Ila yapo maswali ambayo vituo hivyo humuuliza mtu kabla ya kumkabidhi mnyama, na maswali hayo tunaweza kuyatumia bure hapa hapa kijijini. Nani atamlisha kila siku, si leo tu? Atalala wapi mvua ikinyesha? Nani atalipa chanjo na dawa ya minyoo? Na je, mwenye nyumba amekubali, au anashtukizwa?

Swali la mwisho ndilo linalopuuzwa sana wakati wa sikukuu. Kijana anatoka mjini na mtoto wa mbwa wa kizungu ndani ya boksi, zawadi kwa mzee ili alindiwe migomba na kahawa. Wote wanafurahi, picha zinapigwa. Januari kijana anarudi kazini, mzee anabaki na mnyama anayekula kuliko mjukuu, anayehitaji kuogeshwa dawa ya kupe na kuonwa na daktari wa mifugo. Baada ya miezi michache mbwa huyo yuko barabarani, amekonda, anafukuzwa kwa mawe. Msimamo wangu ni kwamba Desemba si mwezi wa kuchukua wala kugawa mnyama. Ngoja wageni waondoke na nyumba itulie, umchukue Januari au Februari ukiwa na nafasi ya kumfundisha. Na mbwa wa kienyeji anatosha. Amezaliwa katika mazingira haya, anakula tunachokula, na hakuna mwizi atakayesimama kumuuliza ukoo wake.

Ukimchukua kwa jirani, asiwe chini ya wiki nane. Kabla ya hapo bado anahitaji maziwa na malezi ya mama yake. Mtazame mama: amechanjwa? Ana tabia ya kuuma ovyo? Mtazame mtoto: macho makavu, anacheza, tumbo halijavimba kama puto wakati mbavu zinahesabika, maana hiyo huwa dalili ya minyoo. Apewe dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, kisha mara kwa mara kwa ushauri wa afisa mifugo. Na usiwakatae majike. Wengi hutaka dume, ndiyo sababu vijibwa vingi vinavyotupwa njiani ni vya kike. Jike aliyefungwa uzazi na daktari wa mifugo hulinda sawa na dume, na hatakuletea watoto sita usiokuwa na mahali pa kuwapeleka.

Mbwa mkubwa anayezurura ni jambo jingine. Huruma ni nzuri, lakini usimkamate kwa mikono wala kumwacha mtoto amwendee. Mbwa aliyekuwa mpole akawa mkali ghafla, anayetokwa na udenda, anayeyumba, ambaye sauti yake imebadilika au anayeuma vitu hovyo kama vijiti na mawe, asiguswe kabisa. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa mifugo. Hata yule anayeonekana mzima, kumchanja leo hakumaanishi yu salama leo. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi kabla dalili hazijaonekana. Ukiamua kumchukua, mtenge kwanza, alishwe na mtu mzima mmoja, na umfuatilie kwa karibu.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa kwa hadi asilimia 99. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Wakati huohuo ni ugonjwa unaozuilika kwa uhakika, mradi mtu awahi.

Kuwahi kunaanzia bombani au kwenye ndoo. Aliyeumwa au kukwaruzwa, au aliyelambwa na mbwa penye kidonda, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Mtoto atalia, endelea. Usipake majani, unga wa kahawa, mafuta ya taa wala jivu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama kesho ni Krismasi. Wa Karagwe wanaijua hospitali ya Nyakahanga, wa Kyerwa wanaijua ya Isingiro. Piga simu au uliza zahanati ya karibu chanjo inapatikana wapi kabla hujapanda bodaboda, usije ukapoteza siku njiani. Sindano ni zaidi ya moja na hupangiwa tarehe. Wageni wengi huchoma ya kwanza, wakasafiri, wakasahau zilizobaki. Aliyeanza Kayanga anaweza kumalizia Dar es Salaam, ilimradi abebe kadi yake.

Mbwa aliyeuma naye, kama anajulikana na anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, asiuawe papo hapo. Afungwe na aangaliwe siku kumi huku afisa mifugo akijulishwa. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, wataalamu wanajua hakuwa akiambukiza alipouma. Mgonjwa asisubiri siku hizo kumi ndipo aanze matibabu.

Kinga ya kweli ni chanjo ya mbwa wenyewe. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba walifanya hivyo na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingizwa tena kutoka nje, ikabidi kampeni ianze upya, na kufikia 2018 kikaondoka mara ya pili. Ikiwa bahari haikuzuia, mpaka wa wilaya utazuia nini? Karagwe na Kyerwa zilitenganishwa mwaka 2012 na kila moja ina ofisi yake ya mifugo, lakini mbwa wanavuka kutoka huku kwenda kule kila usiku. Kuua mbwa wanaozurura nako hakujamaliza ugonjwa popote. Nafasi za wanaouawa huzibwa na wengine ambao hawajachanjwa. Mbwa anayetoka mjini au ng'ambo ya mpaka wa Murongo, upande wa Uganda, aje na cheti cha chanjo, na kabla ya safari uliza ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Sasa wiki yenyewe ya sikukuu. Mtoto wa mjini hajui kwamba mbwa wa babu anafungwa mchana ili abweke usiku. Anamkaribia amshike mkia, au anamsogelea akila. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo mfupi hawezi kukimbia, kwa hiyo huuma. Wageni wakishuka tu, waambie watoto: mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au anayenyonyesha haguswi. Mbwa mwenyewe mhamishie nyuma ya nyumba penye kivuli, maji na kamba ndefu, mbali na spika. Mkesha wa mwaka mpya, fataki na kelele zikianza, mfungie chumbani au bandani. Mbwa wengi hutoroka usiku huo, na barabara zimejaa magari na pikipiki za watu waliokwisha kunywa.

Chakula kina mitego yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Pilau ina vitunguu vingi, na vitunguu, vibichi au vilivyoiva, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na zaidi za paka. Makapi ya rubisi yasimwagwe anapofika. Pombe humlevya mbwa upesi na yaweza kumuua. Chokoleti za wageni nazo ni sumu kwake. Ugali na dagaa vinamtosha, sikukuu au si sikukuu.

La kuangaliwa zaidi ni machinjo ya nyumbani. Ini au mapafu yenye malengelenge ya maji huwa tunamtupia mbwa, tukidhani hatujapoteza kitu. Ndani ya malengelenge hayo yanaweza kuwamo mabuu ya tegu. Mbwa akila, mnyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uani huyameza kwa mikono michafu. Baadaye naye anaota uvimbe kama ule kwenye ini. Sehemu hizo zichomwe au zifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Paka nao wasisahauliwe, maana ndio walinzi wa maharage ghalani. Sumu ya panya ukiitega kwa ajili ya akiba ya sikukuu, paka hula panya aliyekula sumu, akafa yeye. Chagua kimoja, paka au sumu. Paka akiumwa usimpe Panadol. Kidonge kimoja chaweza kumuua. Wala usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, kwa kuwa baadhi yake, hasa za jamii ya pairethroidi, ni sumu kali kwake.

Kumtesa au kumtelekeza mnyama si suala la tabia tu. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Anayefunga nyumba Januari na kumwacha mbwa mnyororoni bila mtu wa kumlisha ajue hivyo.

Ukisoma haya na mbwa wako hajachanjwa mwaka huu, usingoje Desemba. Mwone afisa mifugo wa kata yako wiki hii, uliza siku ya chanjo, mchukue na mbwa wa jirani asiye na nafasi, na kadi zote zitunzwe mahali ambapo hata mgeni anaweza kuzipata.