Wimbo wa Taifa: Ulitoka Wapi, na Unasema Nini?

Asubuhi bendera inapopandishwa katika shule za Navakholo, wanafunzi husimama wima na kuimba Wimbo wa Taifa. Huimbwa pia kwenye sherehe za Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Hata hivyo, wakazi wengi wanaujua ubeti wa kwanza pekee, na ni wachache wanaofahamu kwamba sauti yake ilianza kama wimbo wa mama anayebembeleza mtoto.

Kabla ya Uhuru

Wakati wa ukoloni, wimbo rasmi nchini ulikuwa ule wa Uingereza wa kumwombea mfalme au malkia. Uhuru ulipokaribia, Kenya ilihitaji wimbo wake.

Majirani walifuata njia tofauti. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, iliimba wimbo uliotungwa na mwanamuziki wake, George Kakoma. Tanganyika ilichukua sauti ya wimbo wa kanisa uliotungwa mwaka wa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, ikauwekea maneno ya Kiswahili.

Sauti kutoka Mto Tana

Mwaka wa 1963, kazi hiyo nchini Kenya ilipewa wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walitafuta sauti yenye asili ya hapa nchini, wakaipata kwa Wapokomo, wakulima wanaoishi kando ya Mto Tana. Mzee Meza Morowa Galana ndiye aliyewapa wimbo ambao akina mama wa jamii yake waliwaimbia watoto wao.

Wanamuziki hao waliipanga upya sauti hiyo ili iweze kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi, kisha wakaandika maneno mapya kwa Kiswahili na Kiingereza. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa jijini Nairobi, wimbo huo ulisikika kama wimbo wa nchi huru.

Beti tatu, ujumbe mmoja

Ubeti wa kwanza ni dua: taifa linaomba baraka, haki, umoja na amani. Wa pili unamgeukia raia na kumtaka ainuke, afanye kazi na kuilinda nchi. Wa tatu unawataka Wakenya wajenge taifa kwa pamoja na washukuru kwa matunda ya jasho lao.

Kwa hiyo anayeishia ubeti wa kwanza ameomba tu. Sehemu inayomtaja yeye na wajibu wake bado hajaifikia.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 9 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinautaja Wimbo wa Taifa miongoni mwa alama za taifa, pamoja na bendera, nembo ya taifa na muhuri wa umma. Maneno yake yote yamo katika Jedwali la Pili la Katiba. Kuudharau ni kosa chini ya Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99.

Funzo kwa Navakholo

Wapokomo si jamii kubwa, lakini wimbo wao wa nyumbani sasa unaimbwa na nchi nzima. Uliwezekana kuchaguliwa kwa sababu mwaka wa 1963 bado kulikuwa na mtu aliyeukumbuka.

Navakholo nayo ina nyimbo zake. Kuna za kulaza watoto, za harusi, za kupalilia shamba na za matanga, nyingi zikiwa kwa Lunyala, na nyingi zimo vichwani mwa wazee pekee. Kukhu akifariki bila kuwaimbia wajukuu, huondoka nazo. Hatari hiyo inajulikana Kakamega: mwaka wa 2014, UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Katiba inasema utamaduni ni msingi wa taifa, na inazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na elimu ya chekechea. Lakini kazi ya kwanza iko nyumbani:

- Mzazi na mtoto wajifunze beti zote tatu, wakielezana maana ya kila neno gumu.
- Mwenye simu amrekodi kukhu au kuka akiimba, na aandike jina la wimbo, maana yake na wakati unapoimbwa.
- Walimu wa PP1 na PP2 wawaalike wazee darasani wawafundishe watoto wimbo mmoja wa kwao.
- Wimbo wa Taifa unapoimbwa, kila mtu asimame wima, atulie na aweke simu kando.

Sherehe za Jamhuri huadhimishwa kila tarehe 12 Desemba. Familia inayojifunza ubeti mmoja kwa wiki itahitaji wiki tatu tu kuimba wimbo wote bila kusoma popote.