Pombe ya Magendo na Macho ya Mnywaji

Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe ya magendo. Wengine waliokoka, lakini wakawa vipofu. Mei 2014 msiba kama huo uliirudia nchi ya Kenya. Twafundishwa nini?

Pombe ile ilikuwa na methanoli, spiriti ya viwandani isiyo na rangi, ambayo ulimi hauwezi kuitambua. Kwanza hulewesha tu; baadaye ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho. Hila yake ni kukawia. Mtu hulala salama, na baada ya saa 12 au hata 24 huona ukungu, hutapika, hukosa pumzi. Jamaa husema, “Ni uchovu wa pombe, mwacheni alale.” Hapo ndipo wengi hupotea.

Basi, mnywaji akilalamikia macho, mpelekeni hospitali upesi, pamoja na wote waliokunywa naye, hata wasiougua bado. Msizuiwe na haya wala hofu. Dawa ipo, ila haimfai aliyechelewa. Tumwokoe ndugu kwanza, kumwonya kutafuata.