Kwenda Kwetu, au Kwenda Kwenu?



Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iligawa mashamba Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, katika mradi wa Ziwa Kenyatta. Wengi waliokuja walitoka Murang'a, Nyeri na Kiambu. Watoto waliozaliwa huku wanaijua mikorosho. Nyanya yao wa bara wanamjua kwa picha tu.

Disemba ikikaribia, mume husema, "Mwaka huu tunaenda kwetu." Ni jambo jema. Lakini tuseme mkewe ni Mpokomo wa Garsen. Basi la kwenda Murang'a lapita Garsen, karibu na mlango wa mamaye, wala hawashuki. Mke hutazama dirishani, akanyamaza. Kimya hicho si amani.

Amri ya Nne haikuwapa wazazi wa mume peke yao heshima. Na kitabu cha Mwanzo, kinaposema mume huwaacha baba na mama aambatane na mkewe, hakimwambii awatupe. Chamwambia asipange safari peke yake.

Basi, kabla ya kukata tiketi, ketini wawili. Hesabuni fedha za korosho pamoja. Shukeni Garsen siku mbili, kisha mwendelee. Au mwaka huu kwa mume, mwaka ujao kwa mke. Zawadi za pande zote mbili zilingane.

Jiulizeni usiku huu: Ni lini mara ya mwisho tulipowaamkia wakwe pamoja? Nani kati yetu amenyamaza?