Somo kwa Makatibu: Kuhamishia Makabrasha ya Chama Katika Diski ya Pili ya Kompyuta

Kompyuta imekwisha kuingia katika ofisi za vyama vingi vya msingi, na daftari la wanachama ambalo zamani lilifungiwa kabatini sasa aghalabu limo ndani yake. Katibu wa chama cha mazao kilichoko Mollo, kwa mfano, huweza kuandika humo majina ya wanachama na hisa zao, magunia ya mahindi na maharage waliyoleta ghalani, mifuko ya mbolea waliyopokea, na barua zinazokwenda kwa Mrajis Msaidizi mjini Sumbawanga. Akiulizwa kazi hiyo imewekwa wapi, atajibu kwamba iko kwenye kompyuta. Jibu hilo halitoshi.

Diski ya kompyuta inayotumia Windows hutambulishwa kwa herufi. Herufi C ndiyo makao ya Windows yenyewe pamoja na programu zote. Humo humo, bila mtu kuulizwa, mashine humfungulia kila mtumiaji makabrasha yake, au folda kama wengi waziitavyo: Documents ya maandishi na hesabu, Pictures ya picha, Downloads ya vitu vilivyopakuliwa mtandaoni, na Desktop, yaani ule uso wa mbele ambapo makatibu wengi hurundika kila kitu. Basi kazi ya chama na mtambo unaoiendesha mashine hulala chumba kimoja. Mkulima aujuaye moto hajengi kihenge kikagusana na jiko.

Hatari hutokea siku mashine inapougua. Ikiingiwa na virusi, au ikikataa kuwaka baada ya umeme kukatika ghafula, fundi aghalabu "hupiga Windows upya", ndiyo kusema hufuta C yote na kuweka Windows mpya. Hakuna haja ya kumlaumu. Ameambiwa mashine ifanye kazi, naye ameifanya ifanye kazi. Jambo hili limekuwa karibu zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, kwani mashine nyingi za zamani zinahitaji kubadilishiwa Windows. Kinachofutika hapo si karatasi za ofisi tu. Mwanachama anayedai kwamba alileta magunia 12 akalipwa ya 9 atathibitishaje, ikiwa stakabadhi yake imeliwa na mchwa na orodha ya ghala imefutwa mjini? Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, na hakuna mkaguzi awezaye kukagua diski tupu. Yale yaliyokwisha kuingizwa katika mfumo wa MUVU hayamo ndani ya mashine hiyo, lakini orodha na barua ambazo katibu huziandika mwenyewe siku kwa siku zimo.

Kinga ni kuyaondoa makabrasha hayo katika C. Fundi anaweza kufunga diski ya pili ndani ya mashine, au kukata sehemu ya diski iliyopo na kuiita D. Njia mbili hizi si sawa. Sehemu iliyokatwa huiokoa kazi Windows inapofutwa, bali diski yenyewe ikifa, C na D hufa pamoja. Chama chenye uwezo kinunue diski ya pili. Flashi isifanywe makao ya makabrasha, maana ikichomolewa mashine haitayaona.

D ikiwa tayari, katibu kwanza anakili kazi yote kwenye diski ya nje na kuiweka kando. Kisha afungue D na kutengeneza humo kabrasha la chama, na ndani yake kabrasha moja kwa kila lile litakalohamishwa. Baada ya hapo aende kwenye Documents, abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, halafu Location, halafu Move, na kuonyesha kabrasha jipya lililoko D. Akibonyeza OK mashine itauliza kama ihamishe na vilivyomo. Ajibu ndiyo, na asubiri. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji, na ile ya mezani iwe na betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo huacha nusu huku na nusu kule. Mwisho ahesabu faili, alinganishe na nakala.

Makosa mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni kuonyesha D tupu badala ya kabrasha lililomo ndani yake. La pili ni kuyaelekeza makabrasha mawili mahali pamoja. Yote mawili huchanganya vitu, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Kadhalika kabrasha kuu la Users lisihamishwe zima zima, kwa sababu limebeba na mipangilio ya Windows. Tena programu nyingine za hesabu huweka kumbukumbu zake nje ya Documents. Katibu amwulize aliyeiuza programu zinakaa wapi.

Liko jambo ambalo mafundi hulisahau. Ndani ya C, makabrasha ya mtumiaji mmoja hufungwa yasionwe na mwingine wa kawaida. Yakifika D aghalabu huwa wazi kwa kila mwenye akaunti katika mashine ile. Majina, simu na madeni ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo fundi atakiwe kuweka ruhusa upya, ili karani wa ghala afungue ya ghala tu.

Windows ikipigwa upya siku za baadaye, katibu awepo na amwambie fundi D isiguswe. Mashine ikirudi, Documents itakuwa tupu, wala asishtuke: arudie Location na kuonyesha kabrasha lile lile la D. Mashine ikidai ruhusa, mwenye akaunti ya msimamizi aikubali. Nakala ya diski ya nje iendelee kuchukuliwa kila wiki, na katika msimu wa ununuzi kila jioni, ikalale mbali na ofisi.