Mia ya Wapi?

Mdogo wangu wa Tulia, ujumbe wako nimeusoma. Nyumba ni ya mita 10 kwa 8, wewe uko Nairobi unatuma pesa kwa M-Pesa, na fundi amekutajia mifuko mia ya simiti bila kushika hata kalamu. Unataka nikwambie kama anakula. Haya, tupige hesabu kwanza, ugomvi baadaye.

Slabu ni urefu mara upana mara unene. Unene wa inchi nne ni kama sentimita 10, kwa hiyo 10 mara 8 mara 0.1 inakupa mita 8 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na kitu ya kilo 50. Hapo una 51; weka na ya kumwagika, sema 55. Mchanga uandae kama tani 6, kokoto tani 11.

Msingi una hesabu yake. Mtaro wa upana wa sentimita 60, zege la sentimita 20, ukizunguka kuta za nje na za ndani kama mita 55: hiyo ni mita 6.6 za ujazo. Kwa mchanganyiko uleule, mifuko 42. Jumla 97! Huyo fundi huenda hajagusa hata karai lako. Muulize tu hiyo mia ni ya wapi, kwa sababu ikiwa ni ya slabu peke yake, basi kaa naye chini mzungumze vizuri.

Ila simiti hupotelea mahali usipopatazama. Mawe ya kujazia yasiposhindiliwa sawasawa, sakafu ikashuka sentimita 2 tu, umeongeza mita 1.6 za ujazo, yaani mifuko 10 imefukiwa na hakuna aliyeiba. Mwambie ndugu yako aliye nyumbani avute uzi kutoka kona hadi kona na apime kwa futi kabla lori la kokoto halijaingia.

Na vipimo vya sepeto sivipendi. Fundi akichoka, sepeto nayo inachoka. Mchongeeni sanduku la mbao lisilo na chini, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo linabeba ujazo wa mfuko mmoja wa simiti. Kila mfuko, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, basi.

Sasa maji, ambayo watu wetu wa Kitui na Makueni tungepaswa kuyakumbuka kuliko wote. Mifuko 55 inataka kama lita 1,500, mitungi 75 ya lita 20. Punda akibeba minne, hizo ni safari 19, na slabu humwagwa siku moja. Maji yawe kwenye pipa tangu jana yake, la sivyo vijana wa mjengo watakaa kivulini wakimngoja punda na wewe unawalipa. Halafu kuna ya kumwagilia, asubuhi na jioni kwa wiki nzima; kwa jua letu, zege lisilonyweshwa hupasuka.

Mchanga wa mtoni tunao, lakini uchunguze. Tia kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, uache saa chache. Tope likitanda juu na kukaribia sehemu moja kwa kumi, rudisha lori. Dai risiti pia, maana uchotaji una sheria. Makueni walitunga yao mwaka 2015, baada ya mito kukwanguliwa hadi mwamba. Na usingoje Novemba: mto ukijaa, lori haliteremki.

Linta tutaizungumzia toleo lijalo. Hapo nondo zinaingia, nami nitataka kwanza nione ramani yako.