Somo kwa Wazazi na Walimu wa Shule ya Jumapili: Kuwafundisha Watoto Kiingereza kwa Michezo



Wazazi kadhaa wamenisimamisha mlangoni mwa kanisa baada ya ibada wakiwa na swali lile lile: "Mwalimu, mtoto wangu amefaulu kwenda Kidato cha Kwanza, lakini Kiingereza hakimo kabisa. Nifanye nini?" Kila mmoja nimemjibu maneno mawili matatu, lakini jibu la mlangoni halitoshi. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi niandike somo hili, si kwa ajili ya hao wa sekondari, bali kwa ajili ya wadogo zao walio darasa la kwanza hadi la nne. Hao ndio tunaoweza kuwasaidia bila haraka.

Yafaa kwanza tujue tatizo linatoka wapi. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilishika nafasi ya Kiingereza katika kufundishia shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo moja miongoni mwa mengine. Huo ulikuwa uamuzi mwema, maana mtoto huelewa hesabu na sayansi kwa lugha anayoifahamu. Lakini sekondari haikufuata. Huko jiografia ni kwa Kiingereza, baiolojia ni kwa Kiingereza, hata historia ya babu zetu kwa miaka mingi ilifundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii tangu shule za msingi hadi chuo kikuu, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Mimi nililijua hilo darasani bila kupima.

Kwetu huku jambo hili lina ubaya wake wa pekee. Mtoto wa mahali pengine asipoelewa, hukaa tu darasani akinakili ubao. Wa kwetu ana njia nyingine. Machimbo ya Nyarugusu yako karibu, Rwamgasa iko karibu, Mwakitolyo iko karibu. Kijana aliyekaa wiki sita bila kuelewa neno husikia kwamba mwenzake amebeba viroba vya mawe akalipwa jioni ile ile. Nani atamrudisha?

Hapa hapana budi niseme kosa langu. Nilipokuwa mwalimu kijana katika miaka ya 1980, nilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili au Kisukuma katika kipindi cha Kiingereza alikivaa shingoni, mpaka amkamate mwenzake na kumvisha. Niliona kwamba hiyo ndiyo bidii. Darasa lilinyamaza, nami nikadhani ni utii. Kijana mmoja wa darasa la sita, mwerevu wa hesabu, alikivaa siku nne mfululizo. Kisha akaacha kufungua kinywa, na baada ya hapo akaacha kuja. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kwenye karasha akiponda mawe, mwili mzima umekuwa mweupe kwa vumbi. Akaweka nyundo chini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Sikuwa na la kumwambia. Leo binti yake ni mmoja wa watoto wanaokuja Jumamosi, na yeye mwenyewe humleta kwa baiskeli, akakaa chini ya mwembe kumngoja.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ninayowapa walimu wetu wa Jumamosi ni hii: mtoto asiaibishwe kwa sababu ya ulimi wake. Someni Waamuzi sura ya 12. Waefraimu walishindwa kutamka neno moja, Shibolethi, wakauawa vivukoni mwa Yordani watu 42,000. Halafu someni Matendo ya Mitume sura ya 2, mwone Roho Mtakatifu alivyofanya siku ya Pentekoste: kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao. Jiulizeni darasa lenu limefanana na mahali gani kati ya hapo pawili.

Na tuseme wazi juu ya ulimi wa Msukuma, maana unachekwa sana. Kisukuma hakina sauti ya "r", kwa hiyo mtoto wetu akisema Kiingereza huiweka "l" mahali pake. Matokeo yake ni kwamba akitaka wali, "rice", huagiza "lice", yaani chawa. Tena akitaka kuwaalika watu kusali, "pray", huwaalika kucheza, "play". Msicheke, maana nimeyasikia haya hata kwa watu wazima waliovaa kanzu. Dawa yake si kumsuta mtoto. Chora picha nne katika vipande vya boksi: sahani ya wali, chawa, mtoto aliyepiga magoti, na mtoto anayecheza mpira. Zitundike kwenye kuta nne. Wewe sema neno moja tu, nao wakimbilie picha. Fanyeni hivyo majuma mawili bila kumdai mtoto atamke lolote, maana sikio hutangulia kinywa. Likiisha kuzoea, mwonyeshe kwamba kwa "l" ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu, na kwa "r" ya Waingereza ulimi hurudi nyuma kidogo bila kugusa kitu. Kisha mtoto ndiye aseme, na wenzake wakimbie. Akiwapeleka kwenye chawa, watacheka wote naye akiwamo, na atajisahihisha mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba, tena kinatofautisha irabu ndefu na fupi. Kiingereza nacho kina tofauti za namna hiyo, kama kati ya "ship", meli, na "sheep", kondoo. Mtoto aliyelelewa na bibi yake kwa Kisukuma kijijini ameshalizoeza sikio lake kwa tofauti ambazo mtoto wa mjini mwenye Kiswahili peke yake hajawahi kukutana nazo. Basi wazazi mnaowakataza watoto Kisukuma ili wapate Kiingereza, mnawanyang'anya jembe siku ya kulima.

Sasa twende kwenye michezo yenyewe.

Anzeni na amri. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, James Asher, alieleza njia ya kufundisha lugha kwa kumwamuru mwanafunzi atende, bila kumlazimisha aseme. Kila mama anaifahamu njia hiyo, maana mtoto mchanga huambiwa "njoo", "kaa", "lete" muda mrefu kabla hajajibu. Mwalimu aseme "stand up" akisimama mwenyewe, "sit down" akikaa, "touch the wall" akigusa ukuta. Baada ya siku tatu aseme bila kutenda. Wakishazoea, wapeni mchezo: amri yenye neno "please" itiiwe, isiyo nalo isitiiwe. Watajifunza Kiingereza na adabu kwa pamoja. Angalizo moja: aliyekosea asitolewe nje ya mchezo. Walimu wengi hufanya hivyo, na matokeo yake ni kwamba anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa pembeni kutazama. Yeye apewe zamu ya kutoa amri inayofuata.

Pili, mfuko. Katika shule zetu tulifundishwa kuinua kitabu na kuuliza, "What is this?" Darasa likaitikia, "It is a book." Mtoto hushangaa moyoni, kwani Mwalimu haoni? Swali lisilotafuta jibu si lugha. Chukua mfuko wa nguo, tia ndani bunzi la hindi, kijiko, jiwe, kiberiti, yai lililochemshwa. Mtoto mmoja atie mkono bila kutazama. Wenzake waulize, "Is it a stone?" "No, it is not." "Is it an egg?" Hapo swali ni la kweli, maana anayeuliza hajui. Utaona hata mwenye haya anasahau haya zake. Jumamosi moja binti yule niliyemtaja aliutoa mfuko nje mpaka chini ya mwembe, akamwambia baba yake atie mkono. Baba alipapasa akasema, "Spoon." Kilikuwa kijiko.

Tatu, jembe. Mnaijua bugobogobo, jinsi wachezaji wanavyoinua na kushusha majembe kwa pamoja. Kiingereza nacho huenda kwa mapigo: maneno mengine ni mazito, mengine hupita haraka. Kiswahili hakiendi hivyo, na ndiyo sababu watoto wetu husoma Kiingereza kama wanahesabu mifuko ya pamba. Waambie washike vijiti badala ya majembe. Katika "I have a hoe, you have a cow", kijiti kigonge ardhi kwenye "have" na "hoe", tena "have" na "cow". Yaliyobaki yapite hewani. Ukiwa na watoto wengi, na sisi wote tumepata kusimama mbele ya watoto 80 na zaidi, wagawe makundi mawili, Bagika na Bagalu, washindane kama watu wazima wanavyoshindana baada ya mavuno. Kundi moja liseme sentensi, la pili libadilishe neno moja. Hakuna haja ya kitabu.

Makofi pia yana kazi. Mtoto wetu hupenda kumaliza kila neno kwa irabu, "book" ikawa "buku". Apige kofi kwa kila silabi. "Book" ni kofi moja. Akipiga mawili atasikia mwenyewe kwamba ameongeza kitu.

Kwa hesabu chezeni isolo, mkihesabu kila kokote inayoangushwa: "one, two, three". Kwa rangi, nchi yetu yenyewe ni sanduku la rangi: udongo mweusi wa mbugani, mchanga mweupe wa luseni, udongo mwekundu wa kichuguu, mkaa, na majani mabichi yaliyopondwa. Mtoto achovye kidole, apake, ataje.

Mchezo unaopendwa kuliko yote ni duka. Vifuniko vya soda ndivyo fedha, maboksi matupu ya sabuni na chai ndiyo bidhaa. "Good morning. Do you have salt?" "Yes, I do." "How much is it?" Mtoto aliyekulia Katoro akiona watu wakinunua na kuuza tangu alfajiri hahitaji kufundishwa kubishana bei, mpe maneno tu, yeye ataendelea. Mwuzaji asipokuwa na bidhaa aseme, "Sorry, I don't." Mnunuzi aende duka la jirani. Ukiweka maduka matano, watoto 40 watasema Kiingereza kwa wakati mmoja, na kelele zitakuwa nyingi. Mwalimu mkuu akipita, mwambie ndiyo kazi inayofanyika.

Mtaniuliza picha zitoke wapi. Askofu Comenius wa Ndugu wa Moravia alitoa kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto Kilatini mwaka 1658, na ilimgharimu miaka kupata wachoraji. Ninyi mna kalenda za zamani. Kata picha, bandika kwenye boksi kwa uji mzito wa muhogo, anika kivulini. Neno liandikwe nyuma ya picha, si mbele, ili mtoto aseme kwanza ndipo ageuze na kusoma.

Jambo moja nasisitiza kwa sisi tulio ukanda wa dhahabu. Msiokote chupa, kopo, ndoo wala beseni lolote kwenye mialo na makarasha, hata likionekana safi. Zebaki huacha masalia yasiyoonekana kwa macho, na hudhuru ubongo na figo za watoto kuliko za watu wazima. Sayanaidi huua. Betri kuukuu na bomba za sindano nazo zisikaribie darasa. Vifuniko vichukueni dukani kwa mwenye soda, mvioshe kwa sabuni na maji ya moto.

Mzazi usiyejua Kiingereza, usijione huna sehemu. Jioni mwulize mwanao akufundishe maneno matano ya siku hiyo. Kosea, naye akusahihishe. Anayemfundisha mama yake hasahau, tena ataona kwamba kukosea hakuui mtu. Dakika tano zatosha. Zikizidi mtoto atasinzia na wewe utakasirika.

Walimu wa Shule ya Jumapili, tutakutana Jumamosi saa tatu asubuhi kutengeneza kadi. Kila mmoja aje na mkasi, boksi moja kavu na mfuko wa nguo. Mwenye kalenda za zamani aziache kwa mzee wa kanisa, ila zile zenye picha za bia abaki nazo nyumbani kwake.